Maji Kujaa Saa Tano na Dakika Thelathini na Nane

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto wa chai, Tusajigwe hushuka mwaloni Matema na chaki mfukoni, akawaandikie wenye boti ziwa limeamka na hali gani. Ubao wake ni mlango wa kabati la marehemu shangazi yake, umepakwa rangi nyeusi na kupigiliwa kwenye nguzo mbili, na bawaba moja bado inaning'inia. Anaandika upepo unatoka wapi, mawimbi yana kimo gani, na kama vyombo vidogo vitoke au vibaki. Nusu ya habari humjia kwenye simu kutoka kwa watu wa hali ya hewa. Nusu nyingine anaitafuta mwenyewe kwa kutazama wingu limekaa wapi juu ya milima ya Livingstone. Kamati ya mwalo ilimpa kazi hiyo kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, na kwa kuwa hana tabia ya kumbembeleza mtu.

Watu wa Matema wanamsikiliza. Hata nahodha mwenye kiburi akikuta ubao umesema asitoke, atanung'unika kidogo, kisha atarudi kulala. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Tusajigwe hakuweza kumwambia neno, na mtu huyo alishuka kwenye gari siku ya Ijumaa mchana, mwezi wa saba, akiwa na suti, tai, kofia, mkoba wa ngozi na simu kubwa ya kugusa. Huyo alikuwa baba mkwe wake, mwalimu Gerson, aliyetoka Mbeya.

Sasa, Wanyakyusa wengi siku hizi wameilegeza ile mila ya mkwe. Utawakuta wakwe na wakaza wana wamekaa kochi moja wanatazama mpira. Lakini mwalimu Gerson si mtu wa kulegeza kitu, hata hiyo tai. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hasemi naye, mpaka siku baba mkwe mwenyewe atakapomfungulia kwa zawadi na kwa neno. Tusajigwe alikuwa na miaka tisa katika ndoa na hajafunguliwa. Si kwamba mzee alimchukia. Kila mwaka alisema mwaka huu, halafu linatokea jambo: mara kustaafu, mara paa linavuja, mara macho yanataka kupasuliwa.

Zamani mambo yalienda, kwa sababu mama mkwe, Esnath, alikuwa hai. Maneno yote yalipita kwake, ya huku na ya huko, naye alikuwa hodari wa kuyapunguza ukali njiani. Esnath alifariki mwaka juzi. Tangu hapo mwalimu akija kumtembelea mwanawe Boniface, yeye na mkwe wake walibaki na vikohozi. Kikohozi kimoja kutoka sebuleni maana yake nimeshiba, ondoa vyombo. Viwili: natoka nje, jipishe. Vitatu: chai haina sukari. Kwa lugha ya maneno matatu tu, walikuwa wakielewana vizuri kuliko wenye ndoa wengi.

Safari hii, hata hivyo, palihitajika neno la nne.

Kitinda mimba wa mwalimu, Samwel, alikuwa amempata Faustina, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, ng'ambo ya ghuba. Wazee wa Ikombe walikuwa wameita upande wa mwanamume uje kuzungumza mahari Jumamosi saa sita kamili mchana, na faini ya kuchelewa kule ni mbuzi kwa kila saa. Boniface ndiye aliyepaswa kuongoza msafara, lakini lori lake lilikuwa limekata giaboksi Nyololo na shehena ya mchele wa Madibira mgongoni, naye alikuwa chini yake na spana. Kwa hiyo mzee angevuka na Samwel, pamoja na mablanketi, kreti za soda, gunia la sukari, na beberu mmoja asiyependa maji.

Njia ya miguu ipo, imepita kwenye miamba juu ya ziwa, lakini nani atabeba kreti za soda kwenye miamba? Watu huvuka kwa boti, na mwezi wa saba huvuka mapema. Sababu ni mwera, upepo wa kusini. Asubuhi ziwa limelala kama maji ya beseni, ukifika saa nne mwera unaanza kujinyoosha, na adhuhuri hakuna mwenye akili aliye majini. Ujumbe wa Ijumaa ulisema kesho yake utakuwa mkali, mawimbi ya mita mbili na nusu kuanzia saa tano. Tusajigwe alikuwa ameshapanga na nahodha Vitus waondoke saa moja asubuhi. Kila kitu kilikuwa shwari mpaka mwalimu Gerson alipotoa ile simu.

Lazima tumtendee haki mzee. Mwaka uliopita alikwenda Mtwara kumtembelea binti yake Jackline. Huko alipandishwa boti kuonyeshwa ghuba, na katikati ya maelezo maji yakaondoka chini yao. Bahari ilikuwa imekupwa. Mwalimu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja, Mufindi na Mbeya, aliyewachorea wanafunzi maelfu mwezi ukivuta maji, alikaa saa nne juu ya tope na suti yake, kaa wakimpita kwa miguu. Siku hiyo aliapa kwamba hatakanyaga tena chombo bila kujua maji yanajaa saa ngapi. Jackline, ili amtulize, akamwekea programu kwenye simu inayotaja saa za kujaa na kupwa. Aliiwekea pale pale Mtwara, na hakuna aliyemwambia mzee kwamba simu inaweza kutoka Mtwara na programu ikabaki.

Basi Ijumaa hiyo jioni mwalimu alisimama mchangani, akainua simu, na kutangaza kwamba safari ya saa moja haiwezekani. Saa hizo maji yangekuwa bado yako chini na boti ingekwama. Maji yatajaa saa tano na dakika thelathini na nane, hivyo wataondoka saa tano, wapande na maji, wafike kwa heshima kabla ya saa sita.

Nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hilo, Tusajigwe alijifunika mdomo kwa khanga. Kwanza alicheka. Dagaa wenyewe walijua kwamba ziwa Nyasa halina kujaa wala kupwa kwa saa. Kisha akakumbuka mjomba wake, aliyeondoka pale pale saa tano, mwezi wa saba, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja. Kasia tu ndilo lililorudi. Kicheko kikamkauka, akaogopa kwelikweli.

Alitegemea Vitus angesema. Vitus ni jibaba la kilo mia, amelivuka ziwa hili miaka ishirini, na kuna viboko wawili wanaomwogopa. Lakini Vitus alisoma bweni Mufindi, na mwalimu wa zamu alikuwa Gerson. Mbele ya mzee alisimama mikono nyuma, akasema ndiyo mwalimu mara nne, na mara ya tano akasema asante. Samwel alijaribu kuutaja ubao. Baba yake akamwambia akimaliza kuoa ndipo aje kumfundisha babaye mambo ya mwezi, na Samwel, ambaye wiki hiyo alikuwa na Faustina tu kichwani, akakubali.

Tusajigwe akampigia mumewe. Boniface alitoka chini ya lori, akampigia baba yake, na akafundishwa nguvu ya mvutano kwa dakika kumi na nne mpaka salio lilipokata. Alichopata kumtumia mkewe baadaye ni ujumbe mfupi: mzee anasema maji ni maji, mwezi haubagui.

Alibaki na ubao. Kuandika si kusema. Hata Esnath, apumzike kwa amani, angekubali hilo. Jumamosi alfajiri akaandika kwa herufi kubwa: MWERA MKALI KUANZIA SAA TANO. MAWIMBI MITA MBILI NA NUSU. CHOMBO CHOCHOTE KISITOKE BAADA YA SAA TATU. Akajificha nyuma ya vichanja, akasubiri.

Mwalimu alikuja saa moja na nusu, amechana nywele, akausoma wote. Alisoma taratibu, mikono nyuma, namna alivyokuwa akisoma madaftari. Kisha akachukua kipande cha chaki, akapiga alama ya vema pembeni, akaongeza mstari wa chini kwa mwandiko wa mlalo: *Maji kujaa saa 5:38.* Akawaambia wenye boti waliokuwa pale kwamba mwandishi wa ubao huu ana bidii sana, ila amesahau jambo la msingi. Aliongeza kwamba mwera wa saa tano si tatizo, kwani maji yakiwa mengi mawimbi hupata nafasi ya kutawanyika. Wenye boti walitazamana. Mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa amekivaa.

Tusajigwe hakukata tamaa. Jana yake jioni, saa ambayo simu ya mzee ilidai maji yamekupwa kabisa, alikuwa amechomeka fimbo yenye kitambaa chekundu pale pale maji yalipogusa mchanga. Mtu wa sayansi ataamini kipimo, aliwaza. Na kweli, saa nne mzee akitembea ufukweni aliiona, akauliza ni ya nini, Vitus akamwambia. Maji yalikuwa bado yanailamba fimbo mahali pale pale. Mwalimu aliitazama muda mrefu, akatazama saa, akatazama ziwa. Akasema ni kama alivyofikiri, ziwa ni zito, linachelewa kuanza.

Hapo ndipo Tusajigwe alipotamani kumpiga mtu kwa kasia, na hakujali sana nani.

Saa tano kasoro, mizigo ilikuwa ndani ya boti. Beberu alilia. Kusini, mbali kabisa, mstari mweusi ulikuwa umechorwa juu ya maji, na Tusajigwe aliujua mstari ule tangu utoto. Vitus aliujua pia; jasho lilikuwa linamtoka, na mkono wake juu ya kamba ya injini haukuvuta wala haukuacha. Samwel alishapanda. Mwalimu Gerson akakunja suruali mara mbili, akaweka mguu mmoja ndani ya boti, na kwa mazoea ya miaka akakohoa mara mbili. Natoka, jipishe.

Tusajigwe hakujipisha. Alitoka nyuma ya vichanja, khanga kichwani, akapita katikati ya watu mpaka kwenye ubao wake. Adabu haikumtoka yote. Alimpa mzee mgongo na kuutazama ubao.

"Tata," alisema, kama mtoto anavyomwita babaye, kwa sauti ambayo mwalo mzima uliisikia. "Ziwa hili halijai wala halipwi. Hayo maji yako yako Mtwara. Hapa kuna mwera, na ule kule unakuja. Ubao huu ninauandika mimi. Usiniache nikaandika kesho kwamba sikukwambia."

Wanawake waliokuwa wakianika usipa walisimama na mikono hewani. Mwalimu hakugeuka kumtazama, kwani hilo nalo lisingefaa; alibaki ameelekea ziwa, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na wawili hao wakawa wamepeana mgongo kama watu waliogombana, na hawakuwa wamegombana hata siku moja.

"Vitus," mzee akasema mwishowe. "Umesikia kilichosemwa?"

"Ndiyo mwalimu."

"Rudia."

"Ziwa hili halijai wala halipwi, mwalimu."

"Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo mwalimu."

"Tangu lini?"

Vitus alifikiri kwa uaminifu. "Tangu nizaliwe, mwalimu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ulituambia tusijibu mpaka tuulizwe."

Mwalimu Gerson akatoa mguu botini. Kiatu kilikuwa kimelowa. Alikitazama kiatu, akaitazama ile fimbo yenye kitambaa chekundu, akaitazama simu yake, na wale waliokuwa karibu wanasema masikio yake yalibadilika rangi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo mwanafunzi wake hata mmoja hakupata kuisikia, kwamba wanatembea.

Walitembea. Vijana wawili wa mwalo walibeba kreti na mablanketi, Samwel akabeba gunia, mzee akashika kamba ya beberu, ambaye sasa alikuwa wa kwanza kwa furaha. Hawajamaliza nyumba ya mwisho mwera ukafika. Mabati yalipiga kelele, vichanja viwili vikalala, na ubao wa Tusajigwe ukatikiswa mpaka ile bawaba iliyokuwa ikining'inia miaka yote ikaanguka. Samwel alisimulia baadaye kwamba walipofika juu ya miamba baba yake alisimama, akaitazama ghuba yote ikiwa nyeupe kutoka ncha hadi ncha, na akavua kofia. Alikaa hivyo mpaka beberu akachoka kusubiri.

Waliingia Ikombe saa nane na robo, tai ikiwa imehamia begani. Wazee wa Ikombe walikuwa wamekaa na faini yao tayari mdomoni. Wakauliza, kwa upole wa watu walioshinda kabla ya mchezo, mgeni amecheleweshwa na nini.

Mwalimu angeweza kusema upepo. Kila mtu pale aliusikia ukivuma, na wangemsamehe. Badala yake alisimama, akasema amecheleweshwa na mkwe wake, mke wa Boniface, mwandishi wa ubao wa Matema, na kwamba mbuzi wawili wa faini anawatoa kwa moyo mweupe, wakitaka na wa tatu atamleta. Kisha akawaeleza habari ya Mtwara, tope, kaa na programu, bila kuficha kitu. Mzee mmoja wa Ikombe alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Wanasema mahari iliyozungumzwa baada ya kicheko kile ilikuwa nyepesi kuliko zote za mwaka huo, na mwezi wa tisa ukatajwa kuwa wa harusi.

Jumapili asubuhi Vitus aliwafuata. Saa moja kamili walikuwa majini, ziwa limelala, na mzee hakuitazama simu hata mara moja.

Tusajigwe alikuwa jikoni akimenya ndizi aliposikia kikohozi asichokijua. Hakikuwa kimoja, wala viwili, wala vitatu. Kilikuwa kirefu, kimekatika katikati, kama cha mtu anayetafuta pa kuanzia. Akajibanza nyuma ya mlango. Nje, kitu kizito kiliwekwa chini. Alipochungulia aliona chungu kikubwa cha Ikombe, chekundu, kimechorwa nakshi nyeupe shingoni, na juu yake boksi la chaki ambalo halijafunguliwa. Mwalimu Gerson alikuwa amesimama kando yake, amempa mgongo.

"Tusajigwe," alisema. Hakuwa amewahi kulitaja jina hilo. "Hiki ni chako. Kuanzia leo umefunguliwa."

"Ndaga, Tata," alijibu Tusajigwe, polepole, maana hata asante huwa nzito ukiibeba miaka tisa.

Mzee hakuondoka. Aliendelea kuzungumza na ua wa nyumba. "Mama yenu aliniambia nikufungulie mwaka ule ule wa kwanza. Kila mwaka aliniambia. Nikawa nasema kesho." Akakohoa kidogo, kikohozi kisicho na maana yoyote. "Nilikuwa sijui tutazungumza nini."

Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. Tusajigwe aliona kwamba Boniface alichukua pua ile ile, na mzee, kama tunavyodhani, aliona kwamba mkwe wake si mrefu kama mwandiko wake.

Siku hizi wana la kuzungumza. Kila jioni jua likikaribia kuzama simu ya Tusajigwe inalia, na mpigaji ni mwalimu Gerson, kutoka nyumbani kwake Mwanjelwa, mahali ambapo maji ya karibu zaidi ni yale ya mtaroni. Anataka hali ya ziwa. Tusajigwe anamsomea yote, upepo na mawimbi na vyombo vidogo, na mzee anasikiliza kwa makini kama mtu mwenye boti tatu. Mara nyingine humpa alama. Mstari wake wa chaki bado upo chini ya ubao, umefifia, kwani Tusajigwe hufuta yote akauacha huo. Wageni wakiuliza, wenye boti huwaambia ni mambo ya kifamilia.

"Na maji?" mzee huuliza mwisho.

"Hayajajaa, Tata."

"Wala kupwa?"

"Wala kupwa."

Juzi, baada ya hapo, mzee hakukata simu. Tusajigwe alisikia redio ya jirani, na kijiko kikizunguka ndani ya kikombe katika nyumba ile ambayo sasa ina mtu mmoja. Akamuuliza kama amekunywa chai. Mwalimu Gerson ana ruhusa ya kusema lolote alitakalo, ameitoa mwenyewe, lakini mazoea ni mazoea. Akakohoa mara tatu.

Tusajigwe akacheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Jumatatu lori la Boniface lilipopanda Mbeya, juu ya shehena kulikuwa na kilo tano za sukari, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko unaosomeka: kabati la juu, kulia, Mama alikuwa anaiweka humo.